Mwaka Ule wa Gemu ya Njoki

Njoki alifika siku ya maombi ya mama akiwa amechelewa, na bado akapewa kiti cha mbele. Mimi ndiye mtoto, mimi ndiye niliyelala chumba kimoja na marehemu mpaka mwisho, lakini alipotokea tu pale mlangoni, na lile koti lake la sufu na mwendo wa mtu aliyetoka mbali, wazee wa kanisa walisogea na akina mama wakaanza kumpa mkono mmoja baada ya mwingine. "Pole sana, Njoki. Pole kwa kupoteza mama." Mama wa nani? Nilikuwa nimeshika birika la chai, nikasimama nalo hivyo hivyo nikimtazama akilia. Alilia vizuri, kwa sauti, na leso safi mkononi. Machozi yangu mimi yalikuwa yamekwisha hospitalini, kwa hiyo mtu asiyetujua angeingia pale angedhani mfiwa ni yeye, na mimi ni jirani aliyekuja kusaidia na vikombe. Nina zaidi ya miaka sitini, nina wajukuu, siwezi kusoma Biblia bila miwani, na bado wivu ulinipanda kooni palepale, ule ule wa zamani, moto. Nikamwekea chai. Nikaijaza sukari kwa sababu nilijua haipendi.

Wajukuu wangu hukaa na simu wakicheza michezo yao kutwa, na wazazi wao wanalalamika kwamba macho yataharibika, akili itaharibika. Mimi huwa nanyamaza. Nikisema niliwahi kuona gemu ikimwinua mgonjwa kitandani, watasema nyanya ameanza kuchanganyikiwa. Lakini niliona, kwa macho haya, hapa hapa mtaa wetu wa Jericho, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Na kama ningepewa nafasi ya kuchagua, ningechagua mama apone kwa kitu kingine chochote: dawa, maombi, uji wangu, mikono yangu. Wapi! Alipona kwa gemu ya Njoki, na hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Mama yangu, ambaye nilimwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyomwita mama, alikuwa fundi wa cherehani. Siku ilipotokea alikuwa amekaa kwenye kazi yake sokoni, akishona marinda ya sare za shule, na wenzake walisema aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Hakuinuka. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia: mguu, mkono, nusu ya mdomo. Tulipotoka hospitali mguu ulikuwa umeanza kutii, lakini mkono ulilala pale mapajani kama kitu ambacho mtu amempa amshikie kisha akaenda zake. Fundi bila mkono wa kulia ni nani? Swali hilo lilikaa na sisi katika nyumba ile ya kupanga ya kaunsili ya jiji mwaka mzima. Hakulisema, na mimi sikulisema. Cherehani ililetwa kutoka sokoni, ikawekwa kati ya kitanda chake na changu, ikafunikwa shuka, na kila alipolala aliigeuzia mgongo.

Nilikuwa nimeanza chuo cha taipu mjini. Niliacha. Hakuna aliyeniambia niache, na nataka ieleweke kwamba sikulalamika. Nilifunga leso kiunoni nikaingia kazini. Nilimwosha, nikamvisha, nikamsugua mkono kwa mafuta mpaka viganja vyangu vikawa laini kama vya mtoto. Nilimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikauponda ukawa kama uji ili asihangaike kutafuna. Yule dada wa hospitali wa kunyoosha viungo aliniambia nimtengenezee mpira wa soksi awe anaufinya asubuhi na jioni. Nikautengeneza, nikaujaza vitambaa, nikaushona vizuri. Mwaitu aliutazama, akauchukua kwa mkono wa kushoto, akautupa chini ya kitanda. Alhamisi walikuja akina mama wa kanisa. Walikaa kwenye viti vyetu wakanywa chai yetu na kuzungumza juu yake akiwa palepale katikati yao. "Alikuwa fundi huyu, jamani." "Kola alikuwa anaziweza, usiseme." Alikuwa, alikuwa. Nilikuwa nikiwasikia kutoka jikoni, na nilipotoka na mandazi niliona Mwaitu amefumba macho. Hakuwa amelala. Mtu niliyeishi naye siku zangu zote ningejua.

Njoki alikuwa jirani yetu, ukuta mmoja tu kati yetu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na sita, mweupe, mrefu, mwenye mdomo. Mume wake alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, akitoka anaenda Malaba, anaenda Kigali, anarudi akiwa amesahau kitanda chake kiko wapi. Watoto hawakuwa nao, na watu hawakuacha kulitaja jambo hilo kwenye mfereji wa maji, hasa yeye akiwa karibu. Njoki alikuwa yaya wa watoto wa Wazungu huko Kileleshwa. Wale Wazungu walipohama kurudi kwao walimwachia televisheni ndogo, blanketi mbili, na kisanduku cheusi chenye nyaya ambacho mume wake alidhani ni redio iliyokatika mlingoti. Kilikuwa gemu. Unaichomeka nyuma ya televisheni pale penye waya wa eriali, na kwenye kioo unatokea mstari mweupe huku, mstari mweupe kule, na katikati nukta ya mraba inayokwenda na kurudi. Nukta ndiyo mpira. Kila mchezaji ana kidude cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea redio sauti, na mstari wake unapanda na kushuka akikizungusha. Mpira ukigusa mstari unalia bip. Ukikupita unalia kwa uchungu, na mwenzako anapata pointi. Anayefika kumi na tano ameshinda. Basi, hicho tu. Wajukuu wangu wangeitazama wakacheka mpaka waanguke.

Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka Mwaitu kule, na huwa najiuma midomo nikikumbuka. Nilikuwa nataka kufua mashuka. Njoki alikuwa amepoteza kazi na yuko bure, nikamwomba akae naye hadi nimalize. "Mlete tu," akasema, "hata mimi niko hapa naongea na kuta." Enzi hizo stesheni ya televisheni ilifunguliwa jioni, mchana kutwa televisheni ilikuwa sanduku bubu. Nilikuwa uani, mikono imejaa povu, niliposikia bip, bip, bip kutoka kwa Njoki, kisha kile kilio cha mpira uliopita, kisha sauti ya Njoki ikipaa: "Haiya! Umelala, Mama Mumbua! Umelala kabisa!"

Niliacha shuka ndani ya karai nikaingia mbio hata bila kupiga hodi. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kochi, kidude kimelala kwenye mto mapajani, mkono wa kushoto unakizungusha ovyo. Njoki alikuwa amekaa chini miguu imenyooshwa, macho kwenye kioo, wala hakugeuka kunitazama. "Unamsemesha mama yangu vipi?" nikauliza. "Huoni ni mgonjwa?" Njoki akasema, "Ngoja kwanza, tuko kumi na mbili kwa moja." Nikamgeukia Mwaitu nimwinue twende zetu, na hapo ndipo nikaona uso wake. Ule upande wa mdomo uliokuwa mzima ulikuwa umekazwa. Alikuwa na hasira. Tangu tutoke hospitali sikuwa nimemwona na hasira wala furaha wala chochote, na sasa alikuwa amemkodolea Njoki macho kana kwamba ni mteja aliyemletea kitambaa kifupi akitaka suruali ndefu. Akafungua mdomo, neno likavutwa likavutwa, likatoka: "Tena."

Basi ikawa ndiyo kawaida. Chakula cha mchana kikiisha, Mwaitu alikuwa anagonga ukuta kwa ngumi ya mkono wa kushoto, na Njoki anagonga upande wake kujibu, na mimi ndiye niliyetakiwa kumshika mama kiunoni nimvukishe mlango hadi mlango nimfikishe kwa mwenye raha zake. Sikukaa. Nilikuwa narudi kwangu nikijifanya nina kazi, nikitega sikio ukutani. Nilisikia yote. Siku moja nikamsikia Njoki akisema, "Na huo mkono mwingine unangoja nini? Unangoja barua?" Nilitaka kuruka ule ukuta. Kisha nikasikia Mwaitu akicheka. Kicheko kibovu, cha upande mmoja, chenye mate, lakini kicheko. Mimi nilikuwa nimeimba, nimesimulia vituko vya chuo, nimemwigizia mchungaji anavyokohoa, na sikuwa nimepata hata tabasamu. Kuanzia siku ile Njoki alikichukua kidude akakiweka chini ya mkono wa kulia, akavikunja vidole vya Mwaitu juu yake kimoja kimoja, akamwambia wa kushoto ukiingilia ni faulo. Wiki za kwanza mstari wa Mwaitu ulisimama pale chini ya kioo kama mlevi aliyelala mtaroni. Alichapwa kumi na tano bila, kumi na tano bila, mpaka vijana wa mtaa wakawa wanachungulia dirishani. "Cheki mathe wa Mumbua anachapwa!" Na huyo mathe, mama yangu, badala ya kuona aibu anasema tena, tena.

Maneno hayakukosa. Akina mama wa kanisa walinikalisha chini wakaniambia si heshima, mama mzima kucheza vitu vya watoto, tena na yule Njoki ambaye hata ibadani haonekani. Nilikubaliana nao kwa moyo wote. Lakini sababu yangu haikuwa heshima. Mwaitu alianza kula kule. Njoki alikuwa akipika mukimo, viazi na mahindi na majani ya malenge vimepondwa pamoja, anaweka vitunguu vya kukaanga juu, na Mwaitu anarudi jioni ameshiba. Anaitazama sahani yangu ya muthokoi, anasukuma kijiko. "Nimekula kwa Njoki." Usingizi wake ulikuwa wa kuvizia tangu augue, sasa akawa analala mpaka kunapambazuka. Maneno yaliyokuwa yanakwama yakaanza kutoka, maana huwezi kubishana na Njoki kwa ishara, ilibidi utumie mdomo. Alikuwa anapona, na kila hatua ya kupona kwake ilitokea upande wa pili wa ukuta. Mimi nilikuwa naletewa habari tu.

Siku nilipolipuka nilikuwa namvua viatu. "Mwaitu," nikasema, "kwa Njoki kuna nini ambacho hapa hakuna? Mimi nimekukosea nini?" Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na kiatu mkononi, na kidole chake kidogo kilikuwa kimekwama kwenye soksi, nikakitoa nikasema, "Pole."

"Hiyo," akasema.

"Hiyo nini?"

"Pole." Alilitema lile neno. Alikuwa bado anahangaika na sentensi ndefu, na nilimwona akiikusanya hii kipande kwa kipande. "Ukinishika, pole. Ukinilisha, pole. Nikikohoa, pole. Watu wa kanisa, pole. Daktari, pole mama. Mumbua, nimechoka kuwa pole." Akapumua. "Kwa Njoki mimi si mgonjwa. Kwa Njoki mimi najua kucheza vibaya."

Sisi huku kwetu mtu akijikwaa barabarani, wewe uliye ng'ambo ya barabara unamwambia pole. Mtu akibeba mzigo pole, akitoka kazini pole. Nililinyonya neno hilo na maziwa, na maziwa yenyewe ni ya yule aliyekuwa akinikataza! Nililia jikoni, nikafuta pua na leso, na nikaamua kitu kimoja: kama ni mpira, na mimi nitacheza mpira. Kwani Njoki ana vidole vya dhahabu?

Kesho yake nilipomvukisha sikurudi. Nilisema nataka kujaribu, Njoki akanipisha, nikakaa chini na kidude. Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Mwaitu akaanza, mkono wa kulia ukitetemeka, mstari wake ukipanda kwa kushtuka shtuka, na mimi nikauona ule mkono. Nilikuwa nimeuosha, nimeukata kucha, nimeusugua. Mpira ukaja upande wangu, mwepesi, hata mtoto angeudaka. Nikauacha upite. Ukaja mwingine, nikauacha. Nikasema, "Ai, Mwaitu, wewe ni hatari!" kwa ile sauti ambayo unamsemea mtoto aliyemaliza uji. Akafika pointi tano. Akakitoa kidude mapajani, akakiweka kando juu ya kochi, akasema bila kunitazama, "Nirudishe nyumbani." Njoki alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimenya viazi. Aliinua nyusi zake kidogo tu, na kwa zile nyusi nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Mwaitu alinifungia mchezo. Nikiingia tu kwa Njoki anasema amechoka. Ilibidi Njoki, Njoki huyo huyo, aniite pembeni pale kwenye kamba za nguo na kunifundisha kuishi na mama yangu. "Mumbua, wale watoto wangu wa Kileleshwa ukiwaachia walikuwa wanajua. Wanalia kuliko ukiwachapa. Ukicheza na mtu, cheza." Alisema "watoto wangu", kisha akageuka kuanika blauzi ambayo ilikuwa imekwisha anikwa. Wakati ule sikulijali hilo. Nilikuwa nimeshughulika na kuona uchungu kwamba nimefundishwa.

Nikarudi, nikakaa, na Mwaitu alipotaka kukataa nikamwambia, "Unaogopa." Akachukua kidude. Nikamchapa. Jamani, nilimchapa mama yangu mgonjwa kumi na tano kwa mbili, meno nimeyauma, na kila mpira uliompita niliupigia kelele. Nilitegemea aumie. Alinitukana kwa Kikamba, akaniita kichwa cha kuku, na akasema tena. Akachapwa tena. Mara ya tatu mstari wake ulianza kufika kwa wakati. Niliona vidole vyake: kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimekishika kile kidude kwa ncha, kama anavyoshika gurudumu la cherehani kulizungusha kidogo kabla ya mguu kuanza kukanyaga. Hata yeye aliona. Aliuacha mpira umpite akiutazama mkono wake.

Mshono wake wa kwanza sikuuona. Nilikuwa nimeenda sokoni, nikarudi na sukuma wiki na nyanya, nikakuta mlango wetu wazi na Njoki amesimama ndani ya nyumba yangu, mikono kichwani, akilia na kucheka. Shuka la cherehani lilikuwa chini. Mwaitu alikuwa amekaa mbele yake, na kwenye sindano kulikuwa na pindo la sketi ya Njoki, umbali wa kiganja, limeshonwa limekwenda upande limerudi upande. "Ameshona! Mumbua, ameshona!" Nilishangilia, mtoto gani hangeshangilia? Nilimkumbatia Mwaitu nikazika uso shingoni mwake. Lakini nilipokuwa pale shingoni nilikuwa nafikiria jambo moja: mimi niliyemgeuza kitandani, mimi niliyeacha chuo, na shahidi wa siku hii ni Njoki. Tena sketi ni ya Njoki. Nyanya mbili zilikuwa zimepondeka kwenye kikapu, na nilipika nazo hivyo hivyo.

Daktari kwenye kliniki aliunyoosha mkono, akaukunja, akamwambia Mwaitu amfinye vidole. Aliuliza tunafanya mazoezi gani. Niliona aibu, nikasema, "Ule mpira wa soksi, daktari." Mwaitu akasema, "Uongo. Televisheni." Ilibidi nieleze, na mwanamume yule alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka akaniuliza anacheza muda gani na kwa mkono gani. Akasema basi tusiache. Na tukizidiwa na watu wenye maneno, tuwaambie daktari ameandika.

Sasa nifike kwenye miezi ya mwisho, iliyonikera kuliko yote. Mkono ulikuwa umerudi, si wote, lakini wa kutosha, na Mwaitu alikuwa anapokea vishono vidogo vya jirani: zipu, pindo, vifungo. Hakuwa na haja tena ya kwenda kwa Njoki. Alikwenda. Aligonga ukuta kila siku kama mwenye miadi, na sasa alikuwa anatembea mwenyewe. Nilikuwa nawafuata kule baada ya kazi za nyumbani, na nilichokiona ni hiki. Akicheza na Njoki wanacheka, wanashikana mabega, na Njoki anashinda. Mara nyingi Njoki anashinda. Mwaitu anampigia makofi, anamwambia, "Umeniweza leo, mwanangu." Mwanangu! Akimaliza ananiita mimi, na sura yake inabadilika. Hacheki tena. Ananichapa. Ananichapa kumi na tano kwa tatu, kumi na tano kwa nne, anazungusha kile kidude kwa ncha za vidole kiasi kwamba mpira unarudi kwangu kutoka pembe ambazo sikujua zipo. "Amka, Mumbua. Mpira huo! Unatazama nini, kichwa cha kuku?" Hakunipa nafasi hata kidogo, na sikuwahi kumshinda tena. Nikawa nasema moyoni, haya basi, yule anapata makofi na mimi napata matusi. Nilikuwa na hakika kabisa, kama nilivyo na hakika ya jina langu, kwamba mama yangu amempata mtoto anayempenda zaidi na huyo mtoto anakaa upande wa pili wa ukuta.

Kisha mume wa Njoki alipata kazi Nyahururu, wakahama. Walipakia kila kitu kwenye lori, televisheni imefungwa ndani ya blanketi za Wazungu. Kile kisanduku cheusi kilikuwa kimekufa wiki chache kabla. Kilitoa harufu ya kuungua na mistari ikapotea. Mwaitu alimshika Njoki mikono yote miwili. Jioni ile alikaa kitandani akiutazama ukuta, na mimi sikumwambia pole, hilo nilikuwa nimekwisha jifunza. Baada ya hapo alirudi sokoni kwenye cherehani yake, mimi nikarudi chuoni kwenye taipu yangu, na maisha yakaendelea miaka mingi. Njoki alikuwa akipiga simu kila Krismasi. Mwaitu aliongea naye muda mrefu kuliko alivyoongea na mtu yeyote, na mimi nilikuwa nikipitapita pale mezani nikihamisha vitu visivyohitaji kuhamishwa.

Kwa hiyo siku ya maombi, watu walipokwisha kuondoka na jua bado liko juu, na Njoki akakunja mikono ya lile koti lake akasema tuoshe vikombe, sikuweza kujizuia. Tulikuwa wanawake wawili wazee juu ya karai moja. Nilimwambia, "Njoki, leo uniambie ukweli. Ulikuwa ukimwachia mama?"

"Kumwachia nini?"

"Gemu. Ulikuwa ukimwacha apate pointi?"

Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimetaka hivyo zaidi ya miaka arobaini. Nilitaka siku moja tu, mpira mmoja tu, ambao na yeye aliuacha upite kwa huruma, ili tuwe sawa.

"Mimi?" Njoki akacheka, kisha kicheko kikaisha. "Mimi sikumwachia hata moja. Yeye ndiye alikuwa ananiachia mimi."

Nikamwambia asinitanie.

"Mkono ukisharudi, Mumbua, nani angemweza mama yako? Lakini mimi nikawa nashinda. Kwanza nilijiona bingwa. Siku moja nikaacha kutazama kioo nikatazama mkono wake. Mpira ukikaribia, kidole gumba kinaachilia kile kidude. Kidogo tu. Halafu ananiangalia usoni, aone kama nimefurahi." Alikuwa amekishika kikombe kimoja na kukisugua muda wote huo. "Siku hizo mimi nilikuwa sitoki kitandani. Mume hayuko, watoto hakuna, na wale nililea wameenda. Nilikuwa nalala pale nikingoja tu agonge ukuta. Asingegonga, sijui. Wewe ulijua hiyo?"

Sikujua. Nilikaa ukuta ule ule, na sikio langu juu yake, na sikujua. Nilisema kitu cha kwanza kilichonijia. "Mimi hakuniachia hata mara moja. Alinichapa mpaka mashine ikafa."

"Najua. Nilikuwa nakaa pale kitandani nikiwatazama. Anakutukana, anakuchapa, hakuonei hata nusu huruma. Nilikuwa nikikuonea wivu, Mumbua, mpaka naenda kusimama jikoni."

"Wivu wa nini?"

Njoki alikisuuza kile kikombe, akakiinamisha juu ya kitambaa. "Mimi alikuwa ananihurumia," akasema. "Na wewe alikuwa anacheza."